Fedha za Mkupuo: Habari za Mtaji Uliotolewa Bila Masharti

Katika Mkutano Mkuu uliopita wanachama wengi waliuliza swali moja kwa namna mbalimbali, nayo Halmashauri ikamwagiza karani atafute habari za kale na za siku hizi juu ya jambo hilo, azipige chapa katika kitabu hiki cha mwaka, ili kila mwanachama azisome kabla ya siku ya kupiga kura. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa chama cha usaidizi kumpa mtu maskini fedha taslimu, zisizo mkopo, bila kumwuliza atazitumiaje, kwa matumaini kwamba atajianzishia kazi ya kumlisha yeye na watu wake? Wako waliosema kwamba huo ni ukarimu usio na macho, na kwamba maskini apewe cherehani au jembe wala asipewe noti. Wako pia waliosema kwamba mwenye njaa ndiye aijuaye njaa yake. Siku ile sikuwa na neno, kwa sababu kazi ya karani mkutanini ni kuandika yasemwayo na wengine. Sasa nimepewa kalamu kwa ajili yangu mwenyewe, nami nitasema niliyoyaona katika habari hizi.

Yapasa tuanze na askari. Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka wa 1945, Waafrika wa Kenya wapatao karibu laki moja walikuwa wametumika jeshini. Walipigana Uhabeshi mwaka wa 1941, wakapelekwa kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, mwaka wa 1942, kisha wakavuka bahari kupigana na Wajapani katika misitu ya Burma mwaka wa 1944 na 1945. Walipoachiliwa walirudi kwao na kiinua mgongo, na wengine walikuwa pia na akiba ya mishahara yao. Neno lenyewe, kiinua mgongo, latosha kueleza maana yake: ni kitu cha kumsaidia mtu aliyeinama kazini asimame wima. Maofisa waliwahimiza waweke akiba, lakini fedha zilikuwa zao, na hapakuwa na fomu ya kueleza zingetumika kwa kazi gani. Twaweza kusema kwamba huo ulikuwa ugawaji mkubwa wa fedha zisizo na masharti miongoni mwa watu wasio na mali katika nchi yetu, ijapokuwa hakuna aliyeuita kwa jina hilo.

Walifanya nini nazo? Sehemu ililipa mahari, ikanunua ng'ombe na nguo, nami sioni aibu yoyote katika hayo, maana mtu aliyekaa ugenini miaka mitano ana haki ya kuoa. Lakini jambo lililowashangaza wengi ni jinsi askari hao walivyoikimbilia biashara. Wawili watatu waliopigana pamoja waliunganisha fedha zao, wakafungua duka au mkahawa. Wengine walinunua mashine ya kusaga posho. Na waliokuwa wamejifunza udereva jeshini walinunua malori, mengi yakiwa yamekwisha kuchoka kabla hayajafika mikononi mwao. Makampuni ya Waafrika yalichipuka katika Nyanza na katika Mkoa wa Kati kama uyoga baada ya mvua. Watu hao hawakuwa wamefundishwa biashara. Walikuwa na fedha za kutosha kwa mara ya kwanza maishani, nao walikuwa wameona nchi nyingine.

Biashara nyingi kati ya hizo hazikudumu. Ukweli huu ndio hutumiwa hata leo kuthibitisha kwamba fedha zikimfikia mtu asiyefundishwa hupotea bure. Mimi siukubali uamuzi huo, kwa kuwa yafaa tutazame pia mahali biashara zilipowekwa, wala si mikono iliyoziweka tu. Baada ya vita bidhaa zilikuwa haba, na waliozipata kwa urahisi ni wafanyabiashara wakubwa waliokuwa na desturi ya kununua kwa wingi. Mahindi, ambayo ndiyo mali ya mkulima na ndiyo kazi ya mashine ya kusaga, yalikuwa chini ya udhibiti wa Serikali tangu mwaka wa 1942, na kuyahamisha kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Mwenye lori alihitaji leseni ya uchukuzi, na leseni hiyo haikuwa rahisi kwa Mwafrika kuipata. Kisha kulikuwa na sheria ya kudhibiti mikopo kwa Waafrika, iliyotungwa upya mwaka wa 1948, ambayo kwayo deni la Mwafrika lililozidi pauni 10, yaani shilingi 200, halikuweza kudaiwa mahakamani isipokuwa mkataba wake umeandikwa na kushuhudiwa na ofisa wa Serikali. Ilisemwa kwamba sheria hiyo ni ya kumlinda Mwafrika asizame katika madeni. Yamkini. Lakini tokeo lake lilikuwa kwamba muuzaji wa jumla hakutaka kumpa Mwafrika shehena ya bidhaa kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi, hali majirani zake wa jamii nyingine waliendesha maduka yao kwa njia hiyo hiyo kila siku. Basi askari alipotumia kiinua mgongo chake kununua shehena ya kwanza, na shehena hiyo ikauzwa nusu kwa fedha na nusu kwa ahadi za jamaa, hakuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana, nalo nadhani ndilo kubwa. Maduka yaliongezeka upesi kuliko wanunuzi. Katika kituo kimoja cha soko paliweza kuwa na maduka mengi yanayouza vitu vile vile, sukari, chumvi, kiberiti, sabuni na mafuta ya taa, na watu wa kununua ni wale wale waliokuwapo kabla ya vita, tena mifuko yao haikuongezeka kwa muda mrefu. Askari alikuwa na mtaji. Jirani yake hakuwa na shilingi ya kununua. Nawaomba wanachama waliweke jambo hili moyoni, kwa kuwa tutalirudia.

Katika miaka ile ile watu wengine walijaribu njia ya kuchanga. Mwaka wa 1947 Oginga Odinga, aliyekuwa mwalimu, alianzisha huko Maseno shirika la akiba na biashara la Wajaluo lililouza hisa kwa watu wa kawaida, nalo likajenga nyumba ya Ramogi mjini Kisumu. Habari za shirika hilo ni ndefu na zingehitaji makala yake. Nalitaja hapa kwa sababu lilitoka katika nchi ya Nyanza ya Kati, na ni katika nchi hiyo hiyo, sehemu iitwayo sasa Kaunti ya Siaya, ambako miaka zaidi ya 60 baadaye jambo la fedha zisizo na masharti lilikuja kupimwa kwa hesabu kuliko mahali pengi duniani.

Miaka ya katikati naipita haraka. Misaada kwa maskini ilitolewa kwa vitu, kwa mafunzo, au kwa mikopo yenye wadhamini. Fedha taslimu zilirudi polepole. Mwaka wa 2004 Serikali ya Kenya ilianza kwa majaribio kuzilipa kaya zinazolea yatima, na baadaye wazee, na kaya za wilaya kame za kaskazini, wakaingizwa katika mipango ya namna hiyo, ambayo mingi sasa yajulikana kwa jina la Inua Jamii. Mwaka wa 2007 M-Pesa ilianzishwa, na mara ikawezekana kupeleka shilingi kwa bibi kizee kijijini bila mhasibu, bila gari, na bila chifu kushika mfuko. Wasomi kadhaa wa uchumi waliokuwa Marekani, mmoja wao akiitwa Paul Niehaus, waliiona nafasi hiyo, wakaunda shirika la GiveDirectly, ambalo kazi yake ni kuchukua michango na kuituma moja kwa moja katika simu za watu maskini. Kenya ndipo walipoanzia.

Jaribio la kwanza lililoandikwa sana lilifanywa Rarieda, katika Siaya, tangu mwaka wa 2011, na wachunguzi Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro. Waliangalia nyumba zilizoezekwa kwa nyasi, maana paa la nyasi lilikuwa alama ya umaskini, kisha wakazichagua kwa kura baadhi yake zipewe na nyingine zisipewe, ili baadaye walinganishe. Wengine walipewa shilingi 25,200, na wachache waliochaguliwa tena kwa kura walifikishiwa jumla ya shilingi 95,200. Wengine walipokea kwa mkupuo, wengine shilingi 2,800 kila mwezi kwa miezi tisa. Hakuna aliyeambiwa anunue nini.

Ulevi haukuongezeka. Nalitaja hili kwanza kwa sababu ndilo la kwanza kuulizwa katika kila mkutano, na kwa sababu jibu lake ni wazi: fedha zilizotumika kwa pombe na tumbaku hazikupanda. Mali za nyumba zilipanda, hasa mifugo, samani na mabati ya paa, na mapato ya ufugaji na biashara ndogo yalipanda vilevile. Waliopokea kila mwezi walikula vizuri zaidi; waliopokea kwa mkupuo walinunua vitu vya kudumu. Hapo ndipo akili yangu iliposimama. Kiasi ni kile kile, shilingi 25,200, watu ni wa hali moja, tena hakuna aliyehubiriwa, lakini fedha zilipokatwa vipande ziligeuka unga na mboga, na zilipokuja pamoja ziligeuka mabati na ng'ombe. Kumbe tofauti ambayo sisi huipachika katika tabia ya mtu ilikuwa katika namna ya kulipa.

Sisemi kwamba unga ni kitu kibaya. Ikiwa nia ya chama ni mtoto asilale na njaa, basi malipo ya mwezi ndiyo yafaayo. Lakini tuliloulizwa ni juu ya kuanzisha kazi. Biashara ina mlango mwembamba ambao hauingiliki kwa shilingi mia mbili mbili. Mwenye kutaka kuuza omena lazima awe na fedha za kununua mzigo mzima ufukoni kwa bei ya ufukoni; akiwa na robo ya fedha hizo atanunua kwa mchuuzi mwenzake, na faida itakuwa imekwisha kuliwa na mwingine. Cherehani haiuzwi gurudumu leo na sindano mwezi ujao.

Jaribio lililofuata liliithibitisha habari hii kwa namna iliyo kubwa zaidi. Lilianza mwaka wa 2018, katika vijiji 295 vya Siaya na Bomet, likiongozwa na wataalamu ambao miongoni mwao walikuwa Abhijit Banerjee na Tavneet Suri. Safari hii hawakuchagua nyumba, walichagua vijiji kwa kura, na katika kijiji kilichochaguliwa kila mtu mzima alilipwa. Vijiji 44 viliwekwa katika mpango wa kulipwa kila mwezi kwa miaka 12, kiasi cha senti 75 za dola ya Marekani kwa siku. Vijiji 80 vililipwa kiasi hicho hicho kila mwezi kwa miaka miwili tu. Vijiji 71 vilipewa fedha za mkupuo, kiasi cha dola 500 kwa kila mtu mzima, ambacho thamani yake yakaribiana na malipo ya ile miaka miwili. Vijiji 100 havikupewa kitu, ili viwe vya kulinganisha.

Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 2023 yalikuwa hivi. Watu hawakulegea katika kazi. Ila wengi walipunguza vibarua na kuongeza saa katika kazi zao wenyewe. Biashara ziliongezeka. Lakini waliolipwa kila mwezi kwa miaka miwili walikuwa nyuma ya wenzao wote wawili. Kwamba wa mkupuo wangewashinda, hilo twalitazamia baada ya Rarieda. La kushangaza ni kwamba waliopangiwa miaka 12 nao waliwashinda, hali katika miaka miwili ile ya kwanza walikuwa wamepokea kiasi kile kile, shilingi kwa shilingi. Tofauti ilikuwa katika kujua yajayo tu. Aliyejua kwamba mwezi wa 25 kutakuwa na malipo aliweza kujitosa. Aliyejua kwamba yatakoma alijikunyata.

Tena, watu wa miaka 12 walifanya hila ambayo kila mwanamke wa Kenya aijua. Waliunda vyama vya kuzungushiana, ambavyo Wajaluo huviita nyoluoro na watu wa pwani huita upatu, wakachanga sehemu ya malipo yao na kumpa mmoja kila zamu. Yaani walipopewa fedha kidogo kidogo, wao wenyewe walizigeuza kuwa za mkupuo. Hawakungoja mtaalamu awaambie. Mama zetu waliifanya hesabu hii zamani, wakiwa wamekaa chini ya mwembe, na daftari lao lilikuwa ni kichwa cha mweka hazina.

Hapa naomba ruhusa niseme neno juu ya fomu yetu. Kwa kazi yangu mimi husoma maombi yote yaletwayo kwenye Mfuko wa Msaada, na mara nyingi humwandikia mwombaji asiyejua kusoma. Swali la nne katika fomu lasema: "Fedha zitatumika kwa kazi gani?" Karibu kila mtu hujibu: duka. Mjane mwenye mikono ya kufinyanga vyungu hujibu duka. Kijana ajuaye kutengeneza baiskeli hujibu duka. Nikiwauliza kwa upole kwa nini, husema wamesikia kwamba Halmashauri hupenda duka. Basi sharti tuliloliweka ili kuhakikisha kwamba fedha zatumika kwa busara limewafundisha watu kuificha busara yao na kutuandikia tutakalo. Kisha twashangaa kuona maduka matano katika njia moja.

Na kuhusu maduka matano katika njia moja, turudi kwa askari wetu na wanunuzi wake. Kati ya mwaka wa 2014 na 2017 kulifanywa katika Siaya hiyo hiyo jaribio jingine, lililosimamiwa na wachunguzi watano, akiwamo Edward Miguel na Michael Walker. Vijiji vilikuwa 653, na kaya zaidi ya 10,500 zilipewa kiasi cha dola 1,000 kila moja. Safari hii wachunguzi hawakutaka kujua habari za waliopewa tu. Walitaka kujua habari za wasiopewa, za wenye maduka, na za bei sokoni. Wengi walihofu kwamba fedha nyingi zikimwagwa kijijini bei zitapanda na maskini asiyepewa ataumia. Bei zilipanda kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi ya asilimia moja, yaani karibu si kitu. Nyumba zisizopewa hata senti nazo ziliongeza matumizi yao, kwa kuwa mapato yao, hasa ya mishahara, yaliongezeka. Wachunguzi wakakadiria kwamba kila dola iliyoingia ilizaa katika uchumi wa pale shughuli zenye thamani ya dola mbili na nusu hivi.

Yawezekanaje? Maelezo yao ni mepesi, na yeyote aliyekaa katika kituo cha soko siku isiyo ya soko atayaelewa. Mashine ya kusaga hukaa kimya nusu ya siku. Fundi cherehani hukaa barazani akipeperusha inzi. Mtu wa bodaboda hulala juu ya pikipiki yake. Vyombo vipo, mikono ipo, saa zipo. Ukosefu ni wa mtu mwenye fedha ajaye kusema, nisagie, nishonee, nipeleke. Wanunuzi walipopata fedha, biashara zilizokuwapo ziliuza zaidi bila kuhitaji mashine mpya wala kuongeza bei. Angalieni basi tofauti kati ya Siaya ya mwaka wa 2015 na vituo vya soko vya mwaka wa 1946. Askari aliletewa mtaji peke yake, akafungua duka mbele ya majirani wasio na kitu. Katika vijiji vile vya Siaya muuzaji na mnunuzi waliinuliwa pamoja, na hakuna aliyezuiwa na leseni ya mahindi.

Sipendi kuwadanganya wanachama kwamba kila tunda lilikuwa tamu. Kaskazini mwa Uganda, baada ya vita vya huko, Serikali iliwaalika vijana waunde makundi na kuomba fedha za kujifunza ufundi na kununua vifaa. Makundi 535 yalistahili, nayo kura ikapigwa. Mwaka wa 2008 waliobahatika walipokea kiasi cha dola 382 kwa kila mtu, na baada ya kupokea hapakuwa na msimamizi wa kuwafuata. Yafaa nikiri kwamba hao walikuwa wameandika mpango kabla ya kupewa, kwa hiyo fedha zao hazikuwa huru kama za Rarieda. Hata hivyo wengi walifanya walivyosema: wakawa washonaji, maseremala, wachomeleaji vyuma, wasusi wa nywele. Baada ya miaka minne mapato yao yalizidi ya wenzao waliokosa kura kwa asilimia 38. Christopher Blattman na wenzake walioandika habari hiyo walisifiwa kila mahali. Lakini walirudi tena baada ya miaka tisa, nao wakakuta kwamba tofauti ya mapato imefutika. Waliopewa hawakuanguka, ni wale waliokosa ndio waliopanda polepole, kwa vibarua na kwa vijibiashara, mpaka wakawafikia. Waliopewa walibaki na mali zaidi na ufundi mikononi, lakini mapato yalikuwa sawa.

Mwanachama mmoja niliyemsomea habari hii alisema, "Basi fedha zilipotea." Nilimjibu kwamba mtoto aliyekuwa na umri wa miaka sita mwaka wa 2008 hangeweza kungoja hadi mwaka wa 2017 ndipo ale na kusoma. Miaka ile ya katikati ni maisha ya watu. Fedha ziliwafikisha mapema mahali ambapo wengine walifika kwa kuchelewa, na kwa maskini kuchelewa kwenyewe ndiko hasara. Hata hivyo habari hiyo yatuzuia tusiahidi kupita kiasi. Hatutamfanya mtu kuwa tajiri kwa mkupuo mmoja.

Kuna shauri lingine linaloihusu jumuiya yetu, kwa kuwa waombaji wetu wengi ni wanawake. Huko Sri Lanka, mwaka wa 2005 na baadaye, wenye biashara ndogo ndogo walipewa kwa kura rupia 10,000 au 20,000. Kwa wanaume mtaji huo ulizaa faida kubwa, na kwa wanawake faida haikuonekana. Wengi walikimbilia kusema kwamba mwanamke hajui biashara. Wachunguzi wengine walipoichambua habari hiyo upya, pamoja na habari za India na Ghana, mwaka wa 2019, waliona kwamba katika nyumba zenye mume mwenye biashara yake, fedha za mke ziliwekwa katika biashara ya mume, na huko zilizaa. Nyumba ilifaidika, ila jina la mke halikuwamo katika hesabu. Rarieda walipiga kura hata ya kuchagua apokee mume au mke, na tofauti kubwa haikuonekana. Kwa wajane wetu neno hili ni la faraja, kwa kuwa mjane hana duka la mume la kumezea mtaji wake. Ingawa ana shemeji, na mashemeji nao tunawajua.

Sasa nayaleta mashauri yatakayowekwa mbele ya Mkutano. Mfuko wa Msaada hadi leo umegawanywa kwa waombaji wengi, kila mmoja akipata kidogo, ili asiwepo wa kunung'unika. Kwa habari hizi, naona kwamba desturi hiyo yatupatia shukrani nyingi na kazi chache. Tukitaka watu waanze kazi, hapana budi tuwape wachache kiasi kinachotosha, kwa mkupuo, na tuwaambie mapema tarehe ya kukipokea ili wajiandae. Hapo uchungu wa shauri hili waonekana: wengi watakosa mwaka huo, na wote wanastahili. Halmashauri imegawanyika katika jambo hili, na mzee wetu Mweka Hazina amesema wazi kwamba hataki kuwa mtu wa kumwambia mama mwenye watoto sita kwamba zamu yake ni mwaka ujao. Nami simlaumu. Wengine wamependekeza tuige Siaya, tupige kura ya wazi mbele ya waombaji wote, na atakayekosa ajue mwaka wake wa kupata, kama ilivyo katika upatu. Mimi naliunga mkono pendekezo hilo, kwa kuwa tumeona kwamba mtu anayejua kwa hakika kwamba fedha zitakuja huanza kutenda kabla hazijafika.

Wengine wangependa mkupuo, ila swali la nne libaki. Nimepiga chapa nakala mbili za fomu, moja yenye swali hilo na moja isiyo nalo, nazo zitawekwa mezani siku ya Mkutano. Hesabu ya Mfuko imo katika ukurasa wa fedha wa kitabu hiki, na mwanachama yeyote atakaye kuikagua pamoja na vitabu vya risiti atanikuta ofisini kila Jumamosi asubuhi hadi siku hiyo.